Nyuki Aliyegoma Kushonwa

Pita kwa Fundi asubuhi yoyote, utawakuta hivi. Yeye yuko chumba cha mbele na cherehani zake mbili: ile ya kawaida, na ile mpya ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta. Mumewe, mchora mabango, yuko barazani anakoroga rangi huku akipiga mluzi. Binti yao anadaka mpira ukutani. Mtaa mzima unamwita Kipa.

"Wewe, dirisha hilo!" mama yake hupiga kelele. Kila siku.

Lakini Jumamosi hiyo mluzi haukusikika. Saa kumi jioni timu ya wasichana ilikuwa na fainali, na Kipa ndiye mlinda lango. Waandaaji walishasema: jezi isiyo na nembo ya timu haiingii uwanjani. Na mezani kwa Fundi kulikuwa na jezi kumi na nne za bluu, vifua vitupu!

Nembo yenyewe ilikuwepo, tena nzuri: nyuki wa njano mwenye milia myeusi na mabawa meupe. Shangazi yake Kipa, fundi wa mji mwingine, ndiye aliyeitengeneza kwenye kompyuta yake. Aliituma kwa simu jana yake. Asubuhi Mchoraji akaitia kwenye flashi, Fundi akaichomeka kwenye mashine. Kioo cha mashine kikaandika: FAILI HALISOMEKI.

"Mpigie wifi yako," Mchoraji alisema.

"Nimepiga mara sita. Yuko safarini, hapatikani."

Mchoraji akaliangalia jina la faili. Mwisho wake kulikuwa na nukta na herufi tatu za kuonyesha aina ya faili: PES. Akafungua kitabu cha mashine. Kilieleza kwamba mashine yao inasoma aina ya DST tu.

"Aa! Kumbe jambo dogo!" Akafuta PES, akaandika DST. "Nimeshalibadilisha. Shona, mke wangu!"

Fundi akachomeka tena. FAILI HALISOMEKI.

"Baba, saa nne hii!" Kipa alisema, machozi yakimlengalenga. "Tutacheza na nini sisi?"

Ndipo Fundi akatoka mbio, akarudi na jirani yake mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala. Watu humwita Mama Kopi. Alikuja na kompyuta yake kwapani, kalamu ikiwa bado sikioni.

"Nani kalibadili jina hili?" aliuliza.

Mchoraji akakohoa. "Mimi."

"Shemeji, nikuulize. Ukichora bango la duka la dawa ukalitundika juu ya mlango wa kinyozi, mle ndani nitapata dawa?"

"Utanyolewa," Mchoraji alijibu, na hata Kipa akacheka.

"Basi ndiyo ulichofanya. Umebadili bango. Yaliyomo ndani ya faili ni yale yale. Faili hili ni maagizo: shona hapa, ruka pale, badili uzi. Mashine ya dada yako inaandikiwa maagizo kwa namna yake, na hii ya kwenu kwa namna nyingine. Lazima tupate programu inayoelewa zote mbili, iyaandike upya."

"Ipo?" Fundi aliuliza haraka.

"Ninayo. Lakini kwanza tunatoa nakala. Faili la asili haliguswi. Tukiharibu, tunarudi kwake."

Alitoa nakala, akairudishia jina lake la kwanza. Akaifungua kwenye programu yake. Nyuki huyo hapo kwenye kioo! Akabonyeza palipoandikwa "hifadhi kama", akachagua aina ya DST, akahifadhi kwenye flashi.

"Sasa msiweke jezi," alionya. "Jaribuni kwenye kitambaa chakavu."

Fundi akachomeka. Nyuki akatokea kwenye kioo cha mashine, na Kipa akaruka mpaka akagonga meza. Kwa haraka yake, Fundi akatia nyuzi kwa rangi zilizoonekana pale, hata bila kuzifikiria. Sindano ikakimbia tatatatata, na baada ya dakika nane kitambaa kikatoka. Mdudu alikuwa wa kijani, na mabawa mekundu.

"Mama! Huyu ni nzi!"

Fundi akashika kichwa. "Tumekwisha."

"Hamjaisha wala nini," Mama Kopi alisema. "Umbo si liko sawa? Aina hii ya faili haibebi rangi. Inajua tu mahali pa kusimama ili ubadili uzi, na mashine ikajichagulia rangi zake. Kugeuza faili kunaweza kupoteza kitu njiani, ndiyo maana nikasema mjaribu." Akatazama faili la asili, akaandika kwenye karatasi: kwanza njano, pili nyeusi, tatu nyeupe. "Fuata hii, achana na kioo."

Wakajaribu tena. Lo! Nyuki halisi, wa njano, anang'aa!

Hapo nyumba ikawa kiwanda. Kipa alinyoosha jezi, Mchoraji akasoma rangi kwa sauti, Fundi akabadili nyuzi. Hakuna aliyekumbuka kula. Jezi ya kumi na nne ilitoka saa nane na nusu. Fundi alikuwa tayari amemwandikia wifi yake ujumbe: "Siku nyingine nitakuambia kwanza mashine yangu inasoma faili la aina gani."

Saa kumi kasoro, wasichana walijipanga kando ya uwanja. Mkaguzi akapita na karatasi yake, akitazama kifua kimoja baada ya kingine. Kwa Kipa akasimama. Akaigusa nembo kwa kidole. Fundi alishika mkono wa Mama Kopi, akaubana kweli kweli.

"Kazi safi," mkaguzi alisema. "Ingieni."

Mchoraji akarusha kofia juu. "Gooooli!"

Watu wakageuka. "Mzee, mpira haujaanza!"

"Najua!" alijibu, akipangusa macho. "Sisi letu tumeshafunga."