Nguzo ya Nne

Mwili wa mzee Elungat ulikutwa asubuhi na mapema, kifudifudi, mlangoni pa nyumba ya kijana wake Okurut. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Atyang, jirani aliyekuja na maziwa, alipiga nduru, na nusu ya Chakol ikafika kabla ya polisi.

Jua halijapanda vizuri, Okurut alikuwa seli Malaba. Sababu zilikuwa nyepesi, ila zilitosha. Jana yake alisikika akibishana na marehemu kuhusu ng'ombe. Alidai alilala ndani ya lori kwenye foleni ya mpakani, na hakuwa na shahidi. Halafu kulikuwa na lile lililosemwa kwa sauti ya chini: Okurut hakuwa damu ya Elungat. Mama yake, Amuge, alimleta mgongoni alipoolewa hapo.

Inspekta Leonida Egesa hakuridhika, na Leonida asiporidhika hakai kitako. Hunywa chai akiwa wima na kuiacha nusu. Mkuu wa kituo alishamwambia: Ijumaa kijana anafikishwa kortini, Jumamosi mzee anazikwa. Kama hakuua, angekuwa rumande wakati aliyemlea akifukiwa. Na ukoo usingesahau. Mtoto mkubwa asiyetupa udongo kaburini mwa babake angehesabiwa mgeni pale nyumbani maisha yake yote. Jambo hilo lilimnyima Leonida usingizi.

Ripoti ya daktari ndiyo iliyomchochea zaidi. Kichwa kiligongwa mara mbili. Damu ilikuwa imetulia upande wa mgongo, ilhali mwili ulikutwa kifudifudi, kwa hiyo ulihamishwa. Ndani ya jeraha mlikuwa na kibanzi cha mti wa kijivu, ukijivu ule wa mbao iliyoachwa bila rangi ikapigwa na jua na mvua miaka nenda miaka rudi.

Alhamisi alirudi Chakol. Matanga yalikuwa yamejaa. Baraza la nyumba kubwa lilimetameta kwa rangi ya kahawia, nguzo zote nne na mbao za ukingo wa paa. Kazi hiyo ilikuwa ya Omagor, mdogo wake marehemu, mwenye duka la mbao Malaba. Siku ile ile mwili ulipopatikana alileta makopo na brashi ili waombolezaji wakute boma lenye heshima. Watu walimsifu. Leonida alikasirika tu. Mti wa kijivu angeupata wapi, ikiwa kila mti umepakwa?

Akalizunguka baraza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwenye nguzo ya nne akasimama. Rangi ilikuwa imeota malengelenge.

Malengelenge aliyajua. Fundi mmoja wa Matayos alimuuzia mlango wa mbao mbichi, na jua la kwanza tu rangi ikavimba hivyo hivyo. Hadi leo akikumbuka anasonya. Alitoboa moja kwa ukucha. Maji yakachuruzika. Mti huu ulikuwa umekatwa juzijuzi.

Zile tatu hazikuwa na lengelenge hata moja, lakini miguuni rangi ilikataa kushika. Aliigusa, ikateleza na kidole. Akanusa. Oili chafu ya gari.

Akamwita Amuge, akamuuliza.

"Mzee alikuwa anapaka hizo miguu oili kila mwaka juu ya mchwa, zisiliwe," Amuge alisema. "Zote nne. Hakuna mwaka aliruka."

Leonida aliinama tena kwenye nguzo ya nne. Mguuni rangi ilikuwa imeng'ang'ania vizuri kabisa. Oili haikuwahi kufika pale. Alimtuma konstebo amlete Omagor.

"Mzee, hizi nguzo ni za lini?"

"Za kitambo, madam. Ndugu yangu alizisimamisha mwenyewe."

"Zote?"

"Zote."

"Hata hii inayotoa maji?"

"Hiyo ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilibadilisha, nikasahau kusema."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita hukukanyaga hapa, shemeji," Amuge alisema polepole.

"Ya zamani iko wapi?" Leonida aliuliza.

"Niliiweka kwa kuni za matanga. Imeshaungua."

Haikuwa imeungua. Atyang alieleza kuwa walipoitia motoni, mguu ukitangulia, ilitoa moshi wa oili uliowakohoza wazee, wakaichomoa na kuitupa nyuma ya jikoni. Mfanyabiashara wa mbao alikuwa amesahau oili ya kaka yake.

Leonida alivaa glavu. Nusu ya juu ilikuwa kijivu kitupu. Kwenye kimo cha kichwa cha mtu palikuwa na doa jeusi lililozama ndani ya nyufa, na nywele nyeupe mbili tatu. Palikuwa pia na pengo dogo, na baadaye kwenye maabara kibanzi cha daktari kilikaa humo barabara.

Ijumaa asubuhi, kabla gari la korti halijawashwa, Omagor aliketishwa chumba cha mahojiano Malaba. Malori yalikuwa yakipiga honi nje. Leonida alisimama.

"Ulitaka shamba?"

"Shamba langu niliuza mwenyewe. Sikutaka yake." Alijipangusa uso. "Jumapili alikuwa amwonyeshe Okurut mipaka, mbele ya ukoo. Mpaka kona ya chini. Kijana wangu amezikwa pale, madam. Nilikuwa na huyo mmoja tu, na sikuwa na mahali pangu pa kumzika."

"Endelea."

"Nilimwomba hiyo kona, trekta isipite juu ya mtoto. Akacheka. Nilikuwa nalia, yeye anacheka. Nikamsukuma, kichwa ikagonga nguzo."

"Daktari anasema mara mbili."

Omagor aliviweka viganja vyake mezani.

"Ya pili nilishika kichwa mimi."

Mengine aliyatoa bila kuulizwa. Usiku ule Amuge alikuwa kwa dada yake, huko Busibwabo. Omagor alisugua nguzo kwa sabuni, lakini mti mkavu ulikuwa umeshainywa damu, na alijua doa la namna ile lingepenya rangi. Akaing'oa na kusimamisha nyingine aliyokuwa nayo kwenye pikapu. Mwili aliupeleka kwa Okurut kwa sababu hakuna ambaye angemwamini mtoto wa kuja.

Okurut alitolewa seli. Leonida alimweleza yote pale kwenye meza ya zamu, hadi habari ya kona, maana alihisi kijana anamdai ukweli. Kijana aliacha kufunga mkanda.

"Lakini hiyo kona ilikuwa ishatolewa," alisema. "Mimi ndio nilimwambia baba amwachie anko. Tulikuwa tumechimba mashimo ya michongoma, tuizungushie. Akanikataza nisimwambie anko. Alitaka kumpa habari mwenyewe Jumapili, watu wote wakiwepo."

Omagor alikuwa anapitishwa koridoni na pingu. Alisimama. Konstebo alimvuta, hakusogea.

"Ndiyo maana alicheka," alisema.

Okurut alimtazama, machozi yakimtoka waziwazi, kisha akamgeukia Leonida na kuuliza kama anaweza kwenda sasa, kwa sababu kaburi la babake lilikuwa halijachimbwa.