Karatasi Ndani ya Mpira

Kila Jumamosi asubuhi nyumba yetu ya Tunduma ilinukia karanga. Mama alizikaanga, akazipepeta na kuzisaga, nami nikajaza siagi yake kwenye makopo. Siku hiyo hasira zangu zilikuwa puani. Wenzangu walikuwa wakicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, nyuma ya nyumba, na mimi natumwa tena!

"Edina, mpelekee Wilbard karatasi hii," Mama alisema. "Nimeandika jinsi ninavyotengeneza siagi yangu. Akikuuliza kitu, mjibu vizuri."

Wilbard alikuwa kijana mwandishi wa matangazo. Hakuajiriwa na mtu. Alikaa na meza yake nje ya duka la kuchapa, na wenye biashara ndogo walimlipa kwa kila kazi. Mama alitaka amtungie maneno ya lebo, ili makopo yetu yawavutie hata wanunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Nikapitia kwanza kwenye rede. Mpira wetu ulikuwa soksi iliyojazwa makaratasi, na siku hiyo ulikuwa umenywea. Nikachomeka humo karatasi ya Mama bila kufikiri, rafiki yangu Jenista akafunga fundo, tukacheza mpaka jua likawa kali.

Nilifika kwa Wilbard mikono mitupu.

"Mama amesema niandike nini?" aliniuliza.

Kwenye rafu ya duka niliona kopo la siagi ya karanga ya kiwandani. "Amesema uandike kama lile."

Wilbard alilichukua, akalisoma. "Kila kitu? Hata hapa wanaposema haina chumvi?"

"Kila kitu," nikajibu, huku natazama pembeni.

Lebo zilikuja Jumatano, nyekundu na njano. Mama alitazama jina lake na namba ya simu, akafurahi, tukabandika makopo arobaini.

Wiki moja baadaye Mwalimu Danford, jirani yetu mstaafu mwenye ugonjwa wa presha, aliingia uani bila hata kupiga hodi. Alibamiza kopo mezani.

"Mama Edina, unataka kuniua? Natoka zahanati sasa hivi, presha imepanda! Hapa umeandika haina chumvi. Ulimi wangu uliniambia chumvi ipo, nikaubishia. Nikasema Mama Edina hawezi kunidanganya!"

Mama aliisoma lebo. Alinishika mkono, tukaenda mbio mpaka kwenye meza ya Wilbard.

"Umeandika uongo kwa jina langu!" alimfokea mbele za watu. "Nani alikwambia siagi yangu haina chumvi?"

"Mama, niliandika nilichoambiwa na binti yako."

Mama akanigeukia. "Edina, ulimwambia hivyo?"

"Hapana," nikasema. "Nilimpa karatasi yako."

Wilbard alichomeka kalamu sikioni. Fides, mwenye saluni, ambaye alikuwa ameleta kazi yake, alichukua daftari lake akaondoka. Muuza vitenge naye akamfuata.

Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shuleni niliiona meza ile haina mteja. Wilbard alikuwa amejiinamia, kalamu iko sikioni. Nilimkasirikia. Kwa nini hakunifokea? Kwa nini hakuniita mwongo mbele ya watu wote? Siku ya tatu nikatambua kwamba ninayemchukia si Wilbard. Nilikuwa najichukia mwenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye rede, nikachukua wembe, nikaupasua mpira.

"Wewe! Mpira wetu!" Jenista alipiga kelele, akataka kunipiga.

Sikumjali. Kati ya makaratasi yaliyosagika niliipata moja yenye mwandiko wa Mama: "Chumvi kidogo, kijiko kimoja kwa kila sado ya karanga."

Nilimpelekea Mama, nikamweleza yote. Hakunipiga. "Umemharibia mtu kazi, ukasimama pale unatazama," alisema kwa sauti ya chini iliyoniogopesha kuliko kelele. "Twende ukaseme palepale uliposemea uongo."

Mama alimwita Fides kutoka saluni yake pamoja na wengine, nikasema yote mbele yao.

"Nisamehe, Wilbard," Mama alisema. "Hata mimi nilibandika bila kusoma."

"Nimepoteza wateja wanne, Edina," Wilbard alisema, na bado alikuwa amekasirika. "Na mimi nimekosa. Ningempigia Mama simu. Kuanzia leo sitaandika jambo la biashara ya mtu bila kumsikia mwenyewe."

Fides akarudisha daftari lake mezani.

Mimi na Mama tulizunguka nyumba kwa nyumba kuwaonya wanunuzi. Makopo yaliyobaki niliyaloweka, nikabandua lebo mpaka kucha zikauma. Jumamosi Wilbard alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akauliza kila kitu tangu kukaanga hadi kufunga. Kabla ya kuchapa, Mama alisoma maneno yote kwa sauti. Mstari wa mwisho ulisema: "Ina chumvi kidogo. Mwenye presha aombe isiyo na chumvi."

Kopo la kwanza lisilo na chumvi nililipeleka kwa Mwalimu Danford. Hakulipokea.

"Onja wewe kwanza."

Nikaonja. "Haina chumvi, Mwalimu. Nimeisaga mwenyewe."

Hapo ndipo alipolipokea. "Mtu akinunua kopo, Edina, anakula siagi na maneno ya juu yake pamoja. Wewe ulitaka kucheza tu, lakini uongo wako ulinipeleka zahanati na kumkosesha Wilbard kazi. Ukikosa tena, na utakosa, sema siku hiyohiyo."

Kisha akachovya mkate wake, akala bila kuisoma lebo.