Mafaili Hayakombolewi Kama Ng'ombe

Kila akitoka shule, Restuta alipitia steshenari ya mama yake pale Chang'ombe. Alifagia vumbi lililoingizwa na upepo wa mchana, kisha akajaza karatasi kwenye mashine ya kutolea kopi. Mama yake, Dorkasi, alisimama kaunta akibishana na wateja waliotaka kupunguziwa bei. Mjomba Stanley, mdogo wake mama, alikaa kwenye kompyuta akichapa ripoti za wanafunzi wa chuo.

Ijumaa moja mjomba alikwenda kula, na mama alikuwa nje akipokea mzigo. Restuta, mtoto wa darasa la sita, akachomeka flashi aliyoazimwa na Yahaya wa darasani kwao. Ndani mlikuwa na gemu la mbio za magari. Gemu likakataa kufunguka mpaka programu ya kuzuia virusi izimwe. Restuta akaizima. Akacheza kidogo, akachomoa flashi, akarudi kwenye ufagio wake.

Asubuhi ya Jumamosi kompyuta iliwaka ikiwa nyekundu kioo kizima. Mjomba Stanley alisoma maandishi ya Kiingereza huku jasho likimtoka.

"Dada, tumefungiwa mafaili yote. Wanasema tulipe ndipo watufungulie."

"Kina nani?"

"Hawajitaji."

"Nani aligusa hii kompyuta?" mama aliuliza.

"Sijui, mama," Restuta alijibu, ingawa hakuna aliyemtazama.

Mama akachukua mkoba. "Nakwenda polisi. Stanley, usilipe kitu mpaka nirudi."

Lakini Stanley alikulia kijijini Mvumi, akichunga ng'ombe. Alibaki akizunguka chumbani na kujisemea, "Kwetu ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa mtu, wanafungwa zizini kwake. Unakwenda, unalipa, unawakomboa, mnaagana vizuri. Kuna polisi gani hapo?"

Alilipa kwa siri kupitia simu yake, kwa akiba yake yote. Jibu likaja upesi: lipa tena, na safari hii mara mbili. Stanley akachanganyikiwa. Ripoti zilitakiwa chuoni Jumatatu. Akawaandikia wanafunzi kwenye kundi lao la simu: "Kazi zenu zimefungwa. Changeni haraka tuzikomboe."

Neno hilo la kukomboa ndilo lililomponza. Kwake lilikuwa neno la kutolea ng'ombe zizini. Wanafunzi walilisoma wakaona mtekaji.

Walifika kwa kishindo. Mbele yao alikuwa Khalidi, kijana mrefu wa mwaka wa mwisho.

"Wewe Stanley! Unatufungia kazi zetu, halafu unatudai hela ya kuzikomboa?"

"Jamani, nisikilizeni, si mimi..."

Kofi likamkatiza. Ngumi ikafuata, Stanley akaanguka juu ya mashine ya kopi, na damu ya mdomo wake ikatapakaa kwenye karatasi nyeupe. Jiwe likavunja kioo cha kaunta. Mtu akapaza sauti, "Mwizi!" na neno hilo likajaza mtaa. Watu wasiojua lolote wakaingia mbio. Mmoja alimpiga Stanley teke la mbavu, ndipo akamgeukia mwenzake, "Kwani kaiba nini?"

"Leteni tairi!" sauti ilisikika nje.

Restuta alikuwa amejikunyata chini ya meza. Alijua ukweli uliokuwa ukitafutwa kwa mateke. Alijua pia kwamba akiutoa, mateke yanaweza kumgeukia yeye. Akamwona mjomba wake akijikinga kichwa, vidole vikivuja damu, na jicho moja limeshafumba.

Akatoka mbio, akamlalia mjomba. Teke lililokuwa njiani likampata begani, akapiga ukelele.

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyechomeka flashi! Nilizima ulinzi nikacheza gemu! Mjomba hajui kitu!"

Mguu wa Khalidi ukabaki hewani.

"Huyu mtoto katumwa," mtu alisema.

"Sikutumwa! Flashi hii hapa!" Restuta aliitoa mfukoni, analia, kamasi zinamtoka. "Mkimuua mjomba, kompyuta itafunguka?"

Hapo ndipo mama alipopenya katikati ya watu, nyuma yake Afande Mwanaidi wa kitengo cha makosa ya mtandao.

"Anayetaka kumpiga ndugu yangu aanze na mimi," mama alisema. Waliokuja kwa kelele za mwizi wakatawanyika haraka kuliko walivyokuja. Afande alimshika Khalidi mkono. "Wewe usiondoke. Kupiga mtu ni kosa, hata ungekuwa na haki ya kukasirika."

Stanley aliketi, akatema jino. "Afande, nimewalipa kama kwetu Mvumi tunavyokomboa ng'ombe waliokula mtama wa mtu, nao wanadai tena. Nimevunja sheria?"

"Mhalifu ni yule anayefunga vitu vya watu na kudai pesa. Wewe umeporwa. Ila umekosea kuwatendea wezi hawa kama jirani yako wa Mvumi. Mwenye mtama unamjua kwake, na mtendaji wa kijiji anashuhudia. Hawa nani atawashuhudia? Umewapa pesa, wamejua unalipa, wamerudi."

"Mbona makampuni makubwa yanalipa kimyakimya?" Khalidi aliuliza, sauti imeshuka.

"Ndiyo. Na wakubwa wanaotunga sheria bado wanabishana, kulipa kupigwe marufuku au la. Hospitali ikifungiwa mafaili na mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji, utamwambia daktari nini? Sina jibu la mkato. Ninachokijua ni kwamba anayelipa akanyamaza anawapa wezi nauli ya kwenda kwa mwingine." Akamgeukia Restuta. "Nipe hiyo flashi, mwanangu. Umefanya vizuri kuitunza."

Kwa flashi ile, mafundi wa polisi walitambua aina ya kirusi. Ilikuwa ya zamani kidogo, na ufunguo wake ulikwisha kupatikana. Ripoti nyingi zilirudi, nyingine zikapotea, na chuo kikawaongezea wanafunzi wiki. Pesa ya Stanley haikurudi. Khalidi aliandikishwa maelezo kituoni, akatakiwa kugharamia matibabu.

Kabla ya hayo yote, Jumapili jioni, Restuta alikuwa akisugua damu sakafuni, bega limevimba. Mama akachuchumaa karibu yake.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliogopa utanichapa."

"Labda ningekuchapa." Mama hakutabasamu. "Ulikimbia kofi langu, likampata mjomba wako likiwa mateke ya mtaa mzima. Kosa la mtoto hutengenezeka mapema. Ukilificha, linakuwa kubwa, linatafuta mtu wa kumpiga, na halichagui mwenye hatia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ukiwa unatetemeka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, weka hilo tambara chini. Flashi ya Yahaya imepita mikono mingapi?"

"Sijui. Mingi."

"Basi vaa viatu. Tunaanza nyumbani kwa kina Yahaya, na wewe ndiye utakayewaambia kwamba ina kirusi."