Kioo cha Doa Jekundu

Asubuhi ile kioo cha kulengea cha bastola kiliamka na tongotongo. Gharib, mkufunzi wa shabaha mjini Kilifi, alidhani ni mafuta, akakifuta kwa ncha ya kikoi. Aliponusa kidole akatema mate. Uvundo wa jicho la samaki aliyeoza!

Kioo hicho kikuukuu alikinunua Mtwapa, akakifunga juu ya bastola yake kwa kuwa macho yalikuwa yamemchoka. Vyuma vya kulengea vinataka utazame kile cha mbele, nacho kwake kilikuwa ukungu mtupu. Kioo hakina tabu: fumbua macho yote mawili, tazama shabaha, doa jekundu likitua juu yake, fyatua. Gharib akajiona kijana tena. Mkewe, Ruqaiya, hakukipenda hata chembe.

"Baba Shahida, kitoe kitu hicho nyumbani mwangu. Chanikodolea macho."

Gharib alicheka. Kesho yake tongo lilikuwa zito, la kijani, lenye kope ndani, kope za kweli zilizojikunja, na uvundo ukaingia kwenye wali na mito na hata mate yake, na alipoinua bastola apate kukisafisha, doa alilokuwa amelizima likawaka ndani ya kioo, likatambaa polepole hadi kooni mwa Ruqaiya aliyekuwa akichagua mchele, na kidole cha Gharib kikaanza kukunjika chenyewe mpaka akakitia mdomoni akakiuma, damu ikamtoka.

Wakamwita Mwalimu Abdulhadi, mganga wa majini. "Jini amekifanya kioo hiki jicho lake," alinong'ona. "Jini hapendi chuma. Rudi kwenye vyuma vyako."

Akasoma, akafukiza ubani, akalegeza skrubu. Kioo kikapasuka kama jipu, ute wa kijivu ukamchuruzika Mwalimu hadi viwikoni. Wote watatu walitapika. Mabaki wakayazika.

Alasiri Gharib alikwenda kulenga kwa vyuma. Cha mbele alikiona waziwazi, hadi mikwaruzo yake. Mzee wa umri wake haoni hivyo, lakini alirudi nyumbani akichekelea.

Ruqaiya alikuwa amempa mgongo, akimimina chai. Gharib aliona kila kinyweleo shingoni mwake, aliona mshipa ukipiga, na mate yakamjaa kinywani. Hapo akajua jini alikohamia. Mkono ulikwisha kufika kiunoni, penye bastola.

"Mama Shahida," alinong'ona akilia, "tokea mlango wa nyuma. Nenda mbali. Na usinambie wapita njia gani."