Jini Aliyesingiziwa

Harufu ya chang'aa ilianza kusikika nyumbani kwa Asiya siku ya Jumanne, baada ya swala ya alasiri, na katika nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa ameonja pombe kwa miezi minane. Asiya alinusa mikeka, akanusa mapazia, akafua shuka zilizokuwa safi. Alichoma udi mpaka macho yakamwasha. Udi ukaisha, harufu ikabaki.

"Raisa, husikii kitu?" alimuuliza wifi yake.

"Nasikia udi tu, Mama Nadia. Kwani unafukuza nini?"

Tuseme ukweli hapa, maana Asiya hakuusema: jini huyo alimwalika mwenyewe. Mumewe, Abdulmalik, ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini pale Ekero, na sauti yake ilisifiwa hadi Matungu. Lakini kwa miaka kumi na mitano, kila alipokwenda Malinya kununua ng'ombe, alibaki huko kutazama mafahali wakipigana na kunywa chang'aa na watu wasiomjua. Mwaka 1994 akatapika damu karai zima. Daktari Clifford, huko mjini Kakamega, alimweleza Asiya bila kuzunguka: ini limejaa makovu, damu inakosa pa kupita, inarudi na kuvimbisha mishipa ya koo, na mshipa ukipasuka tena huenda mgonjwa asiamke. Akampa vidonge vya propranolol.

"Vinatuliza moyo na kupunguza nguvu ya damu kwenye hiyo mishipa," alisema. "Moyo utapiga polepole, usishtuke, ndivyo tunavyotaka. Ila usimwachishe ghafla, mama. Umenielewa?"

Alielewa sana. Aliwaelewa pia wanawake wa Ekero, ambao wangeuliza ini la mwadhini limeharibiwa na nini. Kwa hiyo alipofika nyumbani alisema, "Ni jini. Amemkaba koo mpaka akatoa damu." Watu wakamwonea huruma. Vidonge akavificha ndani ya gunia la mtama, akawa anampa mumewe asubuhi na jioni kwa siri, na Abdulmalik, kwa aibu yake, alimeza akiangalia chini. Miezi minane haikutoka damu hata tone. Lakini majini, nasikia, hawapendi kusingiziwa.

Baada ya harufu ikaja sauti. Mchana kweupe, mgonjwa akiwa amelala, Asiya alisikia mtu akifyonza, taratibu, kama wazee wanavyofyonza pombe ya busaa kwa mrija mrefu. Alifungua mlango wa chumba. Abdulmalik alikuwa peke yake, mdomo umefungwa.

Raisa alipoona kaka yake anachoka na wifi yake anakonda, alimwita Mwalimu Tariq, msomaji wa Kurani aliyeheshimika, mtu wa haki. Tariq alikuja na wazee wawili wa msikiti. Akashika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akahesabu mapigo.

"Moyo unapiga polepole mno," alisema. "Kuna kitu kimeukalia. Mama Nadia, kuna dawa ya hospitali anakunywanga? Niambie tu, nisije nikamdhuru."

Wote wakamgeukia. Asiya alihisi pumzi ya moto sikioni, inanuka chang'aa, na neno moja ndani yake.

"Hakuna, Mwalimu," alisema.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Tariq akaagiza kombe la siku tatu: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa anywe. Mbali na uji, kisiingie kitu kingine kinywani. Raisa akaweka mkeka kando ya kitanda alinde. Siku ya pili Abdulmalik alimtazama mkewe, kisha akatazama upande wa ghala lenye gunia, lakini mbele ya dada yake hakuthubutu kusema. Na kila Tariq alipoanza kusoma, Asiya alikumbuka kazi ya nje.

Siku ya tatu, adhuhuri, akiwa anapepeta mtama, alisikia ufyonzaji ule tena, na safari hii haukuwa wa taratibu, ulikuwa wa mtu mwenye kiu aliyeona maji, na chini yake kulikuwa na mdundo, haraka, haraka zaidi, akajua ni moyo wa mumewe uliofunguliwa baada ya miezi minane ya kutulizwa, akautupa ungo akakimbilia chumbani, akamkuta Raisa amejibana ukutani, na Abdulmalik ameinama juu ya kitanda anamwaga damu nyeusi yenye mabonge, na harufu ya chang'aa imejaa chumba kizima kana kwamba mtungi umepasuliwa.

"Amemrudia!" Raisa alilia. "Wifi, jini amemrudia!"

"Ndiyo," alisema Asiya. Alikuwa na vidonge mfukoni.

Walimfikisha hospitali ya mjini akiwa hai. Damu ikaongezwa, koo likatulia. Jioni Daktari Clifford akavuta pazia kuzunguka kitanda. Tariq na Raisa walibaki upande wa pili.

"Mama," daktari alinong'ona, "vile vidonge alikosa? Niambie ukweli. Sitakugombeza."

Asiya alikusudia kusema. Wallahi, alikusudia. Lakini kusema kwamba alimnyima mumewe dawa ili watu wasijue kwamba alikunywa pombe, maneno hayo yalikataa kupita kooni, na sauti iliyotoka ilikuwa yake kabisa, tulivu, ya mke mwema.

"Hajakosa hata siku moja, daktari."

Clifford akashusha mabega. "Basi havimsaidii. Hakuna haja ya kumpa tena." Akachukua faili, akaifuta dawa ile kwa mstari mmoja. "Mzee, ni kweli ulimeza kila siku?"

Abdulmalik alijua. Nyuma ya pazia Mwalimu Tariq alikohoa. Mgonjwa akamtazama mkewe kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga, akatikisa kichwa kukubali. Daktari akatoka.

Asiya akashika mkono wake. "Nisamehe," alisema.

Abdulmalik aliinua pua. Alikuwa ananusa hewa. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la mkewe, yakatulia hapo, yakafunguka.

"Asiya," alinong'ona, "ni nani huyo umekuja naye?"