Mshika Miguu wa Dagah Dheer

Alhamisi ile ilianza vizuri tu, kwa chai ya maziwa ya ngamia na Mzungu mmoja mwenye kiherehere cha kupanda mawe. Jonas alikuwa fundi wa visima katika shirika moja pale Dadaab. Mwaka huo wa tisini na sita aliliona jiwe la Dagah Dheer kutoka barabarani, njia ya kwenda Diff, na tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine. Akamwomba Kaaha, mkalimani wake, amuulizie: gari liachwe wapi, ruhusa iombwe kwa nani, na juu kunafikiwa kwa upande gani.

Kaaha hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Gari huachwa kwenye migunga, mbali na makaburi. Wenye kisima husalimiwa kwanza. Jiwe hupandwa upande wa macheo, wenye ufa wa kushikia mikono. Upande wa machweo haupandwi, kwani mwamba umekatika katikati na chini yake ni hewa tupu. Yote hayo angemwambia palepale ofisini. Badala yake akasema, "Yuko mzee anayelijua zaidi. Anaitwa Ogle. Twende naye."

Alikuwa akimngoja Ogle tangu ukame wa tisini na mbili.

Juu ya Dagah Dheer kuna bwawa dogo la maji ya mvua, na wafugaji huyafuata kwa miguu mitupu. Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka, maana mtu hushuka uso umeelekea mwamba na haoni anapokanyaga. Basi mmoja husimama chini na kumwitia hatua: kulia, kushoto, teremsha. Kwao huko ndiko kumshika mtu miguu, na mshika miguu hasemi uongo hata kwa adui yake. Hiyo ni amana.

Mwaka ule wa ukame Ogle alimshika miguu Timiro, dada yake Kaaha. Maji yalikuwa yamebaki kidogo, na ngamia wa Ogle walikuwa hawajanywa. Kaaha, akija nyuma na mbuzi, alisikia kwa masikio yake mwenyewe: "Mguu wa kushoto. Teremsha." Akainua macho. Timiro alikuwa upande wa machweo, anateremsha. Wazee waliketi, wakasema ni kadari ya Mungu. Wakawanywesha Ogle na wafiwa maziwa ya kibuyu kimoja kwa suluhu, wakasema yamekwisha. Yalikwisha kwao, sio kwa Kaaha.

Basi wakafika jiweni, jua limeshapanda. Jonas akatoa kamba. Ogle akacheka mpaka akakohoa.

"Hii kamba ya nini?" akasema kwa Kiswahili chake. "Kamba ni ya kufunga ngamia. Mimi nabanda hivi hivi."

Na kweli alipanda kama mbuzi, mzee yule, wenziwe wakibaki chini. Akanawa uso bwawani, akageuka, akaita kwa Kisomali, "Kaaha, nishike miguu."

Alimwomba yeye! Aliyeivunja amana ndiye aliyeiegemea. Salah, dereva, alikuwa mtu wa Garissa mjini na jiwe hakulijua; Jonas lugha hakuijua. Wala mzee hakuwaza mara mbili. Dhalimu husahau upesi. Aliyedhulumiwa hulala na kisa chake mto mmoja.

Kaaha akasogea chini ya mwamba. Maneno alikuwa nayo tayari, machache tu, ameyatunza miaka yote hiyo. Akaziangalia nyayo za Ogle. Zilikuwa zimepasuka, za mzee, na kidole gumba kilikuwa kikipapasa mahali pa kukanyaga. Moyo ukamlainika, naye akaukasirikia kwa kulainika. Astaghfirullah, akasema kimoyomoyo. Nitamshusha salama, kisha nitamsema mbele ya watu. Akafungua kinywa amwitie hatua ya kweli.

Hakikutoka kitu.

"Kulia, adeer," sauti ikasema, ikimwita ami.

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka pembeni mwake, ndani ya mwamba.

Ogle akaenda kulia. "Kulia tena." Akaenda. Akauacha ufa. Akaingia upande wa machweo.

"Mbona anakwenda huko?" Jonas akamuuliza Kaaha. "Mwambie asimame."

Kaaha akapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Haikusikika hata pumzi. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mguu wa kushoto," ikasema. Taratibu. Kwa adabu.

Ogle akachungulia chini ya kwapa lake. Akamwona Kaaha, mikono mdomoni. Akaelewa.

"Timiro?" akanong'ona.

"Teremsha, adeer."

Mikono ilikuwa imemwishia nguvu. Pa kurudi hapakuwepo. Akateremsha.

Walimzika siku ileile. Wazee wakauliza nani alimshika miguu, na Salah na Jonas wakasema walichokisikia: sauti ya Kaaha. Naye hakuweza kujitetea. Daktari wa kambini alimmulika kooni, akasema ni zima kabisa, halina jeraha wala uvimbe. Sauti tu ndiyo haikuwemo.

Baada ya siku kadhaa mama yake, bibi Abshiro, akamshika mkono wakaenda mpaka chini ya jiwe, Salah akiwa nyuma yao. Hakwenda kumwombea Ogle. Machozi yake aliyamaliza kwa Timiro, na kwa mzee yule hakubakiwa na hata tone. Alikwenda kuudai mwamba kilicho chake, sauti ya mwanawe. Akasimama akaita, "Kaaha. Rudi nyumbani, mwanangu."

Kutoka juu, kule bwawani, sauti mbili zikamwitika mama kwa pamoja.

"Abee, hooyo."

Kaaha alikuwa amesimama kando ya mama yake, midomo imefungwa. Salah huapa mpaka leo kwamba bibi Abshiro hakuuliza ya pili ilikuwa ya nani.