Aliyeitika Safu ya Mwisho

Hayat alishuka kwenye basi pale Hayes na mkoba begani, chupa ya chai kwapani na vitumbua ndani ya foili. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama, lakini kwa Desemba ya London hiyo ni saa ambayo watu bado wako kazini. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Kufungua chumba cha seva, kutazama programu imepata nini, kutia saini, kisha kurudi nyumbani Rayners Lane ale na mumewe.

Kampuni ya vifurushi aliyoifanyia kazi ilikuwa inahama. Mashine zake zote, zilizonguruma miaka mingi katika chumba kimoja nyuma ya ghala, zilitakiwa ziache miili yake pale na kazi zake zipande kwenye wingu, yaani kwenye mashine za watu wengine, mbali, kupitia mtandao. Lakini huwezi kuhamisha usichokijua. Waliozifunga mashine hizo walishaacha kazi, na vibandiko vyenye majina vilishabanduka.

Kwa hiyo unawasha programu ya kusaka. Inapita kila anwani ya mtandao, yenye mashine na isiyo na mashine, inaita. Wewe nani? Unafanya nini? Unazungumza na nani? Isipojibiwa inaita tena. Ikiita mara tatu na kukawa kimya, inapita. Kila aliyeitika anaingia kwenye ramani, na kila aliye kwenye ramani lazima akatiwe shauri: ahamishwe, au azimwe. Hakuna kubaki. Kesho yake magari yangekuja kuchukua makabati.

Evans alikuwa ameshafika. Mtu wa Mbeya, mpole, mwenye maneno mengi.

"Afadhali umekuja, dada Hayat. Nimekaa humu peke yangu nasikia baridi mpaka kwenye meno. Nikasema, aje Mpemba wetu, kama kuna uchawi tujue umetoka wapi."

"Endelea tu. Ntakugeuza kuku, na kesho nna wageni."

"Kuku wa Mbeya mgumu, dada. Watakulaumu."

Hayat akacheka. Kicheko kilikuwa kimeanza kumrudia mwaka huo, kidogo kidogo, na kila kilipokuja alijisikia kama ameiba.

"Njoo uone," Evans akasema, akigeuza kompyuta yake. "Zote zimejitaja. Kasoro hii. Anwani tupu, safu ya mwisho kule. Hakuna mashine, nimeangalia. Lakini imeitika. Mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikajibu."

Mahali pa jina palikuwa na neno moja.

*abee*

Hayat aliiweka chupa ya chai mezani. Polepole, kama imejaa mpaka mdomoni.

"Kuna mtu anatutania," Evans akasema. "Ila humu tunaojua Kiswahili ni mimi na wewe. Na mimi sijawahi kuitika abee."

"Inazungumza na nani?"

Evans akafungua ramani. Mashine nyingine zilikuwa zimefungamana kwa mistari kama nyavu. Ile moja ilikaa pembeni, na mstari mmoja tu ukitoka kwake. Mstari huo uliishia kwenye jina la kompyuta iliyokuwa ndani ya mkoba wa Hayat.

Kompyuta aliyokuwa hajaiwasha.

Alikuwa na binti. Ibtisam, Ibti, aliyezaliwa Harrow, aliyekisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Hayat alimgombeza miaka na miaka. Ukiitwa na mama unasema abee, siyo *yeah*. Naye Ibti, kutoka chumbani kwake: "*Yeah, Mum. I heard you.*" Nyanya yake kule Wete ndiye aliyempata, kwa simu. Alimwambia kwamba ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike mpaka mara ya tatu, kwa sababu kisicho mtu hakina pumzi ya kuita mara tatu. Ibti alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu siku hiyo, Hayat akimwita jioni, alinyamaza makusudi mpaka aitwe mara ya tatu. Kisha: "*Yeah?*"

Mwaka juzi nyanya alizidiwa, Hayat akaenda Pemba kumuuguza. Alimzika. Wiki ileile ugonjwa wa damu wa Ibti, uliokuwa ukimsumbua tangu utotoni, ukamgeukia ghafla. Hayat alipotua Heathrow, mwanawe alikuwa keshaoshwa. Alichokipata ni paji la uso la baridi na harufu ya karafuu maiti waliyomwoshea.

"Twende tukaangalie," Evans akasema. Alikuwa amepunguza sauti, hajui kwa nini.

Safu ya mwisho ilikuwa na makabati matupu. Feni za mashine nyingine zilivuma nyuma yao. Evans alimulika kwa simu, akaufuata waya kutoka kwenye swichi ya mtandao, ukapita nyuma ya kabati, ukashuka, ukapinda ukutani...

Waya uliishia sakafuni. Ncha yake haikuchomekwa popote.

Evans akainama auguse. Akasita.

"Dada. Unasikia harufu?"

Hayat alikuwa ameshaisikia. Kali, safi, ya kupanda puani na kuyatia macho machozi. Haina kazi katika chumba cha mashine. Haina kazi popote ila mahali pamoja, pale anapooshwa maiti.

"Dawa ya nondo hiyo," Evans akanong'ona. "Sivyo?"

"Ndiyo," Hayat akasema. "Dawa ya nondo."

Walirudi mezani. Evans akaiita anwani ile tena, peke yake. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

*abee mama*

Evans akasukuma kiti nyuma.

Hayat aliketi mbele ya lile neno. Vidole vyake vilikuwa karibu na kitufe. Ahamishwe. Ni kubofya tu. Kitu kile kingeondoka pamoja na mashine zote, kingepata mahali, na yeye angeweza kukiita kila jioni, popote, na kikamwitika. Ni nani angemlaumu? Huko wingu liliko hakuna ambaye angeuliza anwani moja ndogo ni ya nani.

Lakini mwanawe hakuwahi kumwitika hivyo. Hata siku moja. Kilichokuwa pale kilimjibu kama yeye Hayat alivyotamani kujibiwa. Kilikuwa kimechungulia ndani yake, kikachagua neno lenyewe, lile ambalo asingeweza kulikataa. Kitu cha namna hiyo hakiwi mtoto wa mtu.

"Zima," akasema.

"Una hakika?"

"Kaizime safu yote ile, Evans. Kabla sijasema vingine."

Evans akaenda. Hayat akatoka kwenda ukumbini, akampigia simu mumewe.

"Mama Ibti," Miraji akaitika. "Mbona sauti yako hivyo?"

Akamwambia. Yote, bila mpangilio, kwa kunong'ona. Anwani tupu, harufu, neno. "Nikajua siye. Ibti angeniambia *yeah*. Hilo neno halikuwa lake, baba Ibti. Nimemwambia Evans azime."

Upande wa pili sauti ya televisheni ikazimwa.

"Miraji?"

"Sikukwambia," akasema. "Ulikuwa msibani. Halafu ulipokuja nikaona nitakuua."

"Hukuniambia nini?"

"Kule hospitali, siku zile za mwisho. Nikimwita, ananiambia abee baba. Manesi wakimwita, abee. Mchana kutwa. Nikamuuliza, we Ibti, umekuwaje? Akacheka. Akasema anafanya mazoezi. Anataka mama akirudi amkute anajua."

Hayat hakukata simu. Aliiacha mkononi, Miraji akimwita humo ndani, akakimbia.

"Evans! Usizime! Evans!"

Aliusukuma mlango. Kilichompokea ni kimya. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa kwenye makabati yote, kama kawaida, lakini feni zilikuwa hazivumi. Hata moja. Evans alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

"Nimezima safu moja tu," akasema. "Wallahi, dada. Hizi nyingine zinafanya kazi, tazama taa. Ila hazilii."

Hayat alimpita. Akaenda mpaka mwisho, mbele ya yale makabati matupu. Harufu ilikuwa imeondoka. Palikuwa na vumbi na chuma tu.

"Iwashe."

"Nimeshajaribu. Nimeiwasha, nimeita. Haipo, dada. Hata kwenye ramani haipo."

Basi aliita mwenyewe, kwa mdomo wake. Ibti. Aliita kama mtu anavyoita kutoka jikoni chakula kikiwa tayari. Akaita tena, na tena, mpaka jina likabaki hewa tu inayotoka kifuani. Kisha akanyamaza, akashika ukingo wa kabati, akategea sikio kwa mwili wake wote.

Kimya.

Nyuma yake, Evans akageuza shingo ghafla kuelekea kona ya ukuta.

"Umesikia?" akanong'ona.

Hayat hakuwa amesikia kitu. Alimtazama usoni. Mtu wa maneno mengi yule alikuwa amefungua mdomo, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye mwenyewe kujua.

"Amesema nini?"

"Dada..."

"Evans. Amesema nini?"

Evans akatikisa kichwa. Akamshika mkono, taratibu, kama unavyomshika mgonjwa, akaanza kumwongoza kwenye mlango.

"Twende," akasema. "Twende, dada Hayat. Ameitika. Tumwache."